Ameniachia trekta, hakuniachia namna ya kuliendesha

Wana safu, habari za kazi.

Mimi ni dada wa miaka 41, naishi Mbagala, kazi yangu ni ya ofisini. Baba yetu alifariki mwaka jana. Katika kugawana, mimi nimeangukiwa na shamba la Kimbiji, ekari 6, pamoja na trekta lake: Massey Ferguson 135 la pistoni tatu, plau ya sahani mbili na tela. Mirathi imekwisha mahakamani na karatasi ninazo. Trekta limekaa bandani miaka minne bila kuwashwa. Ufunguo siku nyingine unaitikia, siku nyingine kimya.

Gari ninaloendesha ni la otomatiki, trekta sijawahi. Baba mdogo anasema ninunue betri mpya tu, yeye ataligusanisha kwenye stata kwa bisibisi na litawaka hapo hapo. Pia anataka tulitumie kung'oa visiki kama 20 vya minazi kwa mnyororo kabla ya kulima, ili tuwahi vuli. Mwanangu wa miaka 14 ameshajiwekea nafasi yake juu ya madigadi. Mimi nikilitazama naona pedali zisizoeleweka, gia mbili na vijiti ubavuni mwa kiti. Sitaki kukodi dereva kila msimu, nataka kujua mwenyewe. Nianzie wapi? Na hiyo ya bisibisi na visiki ni sawa?

Mrithi wa Massey, Mbagala

JIBU

Dada Mrithi, pole kwa kuondokewa na mzee. Baba mdogo naye tumwombe radhi mapema, kwa sababu maswali yako mawili ya mwisho yana jibu moja: hapana.

Tuanze na bisibisi. Kwenye 135 nyingi, stata haipati umeme mpaka ile gia fupi iwe frii, katikati ya H (haraka) na L (polepole). Hapo kuna swichi iliyowekwa makusudi ili trekta lisiwake likiwa ndani ya gia. Anayegusanisha nati za stata kwa bisibisi anairuka swichi hiyo, tena akiwa amesimama chini, ubavuni, mbele ya gurudumu kubwa la nyuma. Gia ikiwa imeingia, injini ya dizeli haisubiri mtu akanyage mafuta. Inashika, trekta linaondoka, na wa kwanza kukanyagwa ni aliyeliwasha. Watu wengi wenye uzoefu wa miaka wamekufa hivyo, maana mgeni wa trekta angalau huogopa. Ufunguo wako kuitikia kwa zamu maana yake kuna mguso mbovu mahali: terminali za betri, waya wa bodi, swichi ya ufunguo au hiyo swichi ya gia. Kwa hewa ya chumvi ya Kimbiji, kutu kwenye terminali si ajabu hata kidogo. Mwite fundi umeme wa magari, na mwambie waziwazi kwamba swichi ya gia irudi kazini, isiunganishwe moja kwa moja.

Kabla hujanunua betri, angalia ya zamani imefungwaje. Matrekta ya enzi hizo yenye dinamo mengi yalifungwa upande wa chanya kwenye bodi, kinyume na gari lako. Kama mzee alishabadilisha na kuweka alteneta, huenda ni hasi kwenye bodi. Piga picha kabla ya kufungua chochote. Ukigeuza nyaya kwenye alteneta, unaiunguza siku hiyo hiyo.

Sasa lile banda. Fungua boneti taratibu kwa fimbo, kwa sababu miaka minne inawatosha nyigu, na wakati mwingine nyoka, kuhamia. Panya hupenda kujaza takataka kwenye njia ya hewa na kutafuna nyaya. Mwaga dizeli yote ya zamani, usiiongezee mpya juu. Ndani ya tenki la miaka minne kuna maji chini kabisa, na maji hayo ndiyo yanayoua pampu na nozeli, yaani vile vifaa vinavyopulizia dizeli ndani ya silinda. Badilisha filta za dizeli. Chombo cha hewa kwenye 135 kawaida ni kile cha bakuli la oili: lifungue, utakuta tope jeusi, lisafishe kwa dizeli na ujaze oili mpya mpaka kwenye alama, usizidishe. Oili ya injini weka SAE 30 au 15W-40, lita 7 hivi pamoja na filta mpya, lakini mwamuzi ni kile kijiti cha kupimia.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi wa magari madogo hawalijui. Mvua huingia kwenye gia boksi kupitia mipira iliyochakaa chini ya gia zile mbili. Oili ya nyuma ndiyo hiyo hiyo inayoendesha haidroliki, yaani mfumo wa kuinua na kushusha plau. Chomoa kijiti chake: ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yamo. Imwagwe yote, iwekwe mpya, na mipira ibadilishwe, la sivyo masika ijayo utarudi pale pale. Spea za 135 ni rahisi kupatikana kuliko za matrekta mengi mapya. Zunguka maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani na kifaa cha zamani mkononi, usiende na jina peke yake.

Injini iliyolala miaka minne haiamshwi kwa stata moja kwa moja. Fundi aizungushe kwanza kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele, mizunguko miwili kamili. Ikigoma, atoe nozeli, amimine oili kidogo kwenye kila silinda, aache usiku kucha, ajaribu tena. Ikizunguka vizuri, vuta kitufe cha kuzimia, piga stata sekunde 10 bila kuruhusu mafuta, pumzika dakika moja, rudia, mpaka geji ya oili itikisike. Kisha utolewe upepo uliomo kwenye njia ya dizeli: kwanza kwenye skrubu za filta, halafu skrubu za pampu, mwisho nati za mabomba ya nozeli. Mpaka dizeli itoke bila povu, hakuna kuendelea. Ikianza kuwaka, mtu asiweke kidole kwenye bomba la nozeli kutafuta panapovuja. Dizeli hapo ina msukumo wa kupenya ngozi. Kidonda kitaonekana kama kuchomwa sindano, lakini ni cha hospitali saa ile ile, si cha kusubiri kesho. Kuvuja kunatafutwa kwa kipande cha boksi.

Hapo umebakiza swali ambalo hukutuuliza: linazimwaje? Ufunguo hauzimi dizeli ya aina hii. Unazima umeme tu, na injini inaendelea kunguruma. Kinachozima ni kile kitufe cha kuvuta, chenye waya unaokwenda kwenye pampu ya nozeli. Baada ya miaka minne waya huo aghalabu umeshika kutu ndani ya mpira wake, unauvuta na mwishoni hakuna kinachosogea. Kwa hiyo, injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja avute kitufe, mwingine atazame kwenye pampu kama mkono mdogo umesogea mpaka mwisho na kurudi. Usiruhusu mtu yeyote, awe fundi au baba mdogo, kuliwasha kabla ya jaribio hilo. Jifunze pia kuusogeza mkono huo kwa kidole, na weka kipande cha ubao bapa karibu cha kuziba mdomo wa kuvutia hewa. Ubao, usitumie kiganja wala kitambaa. Injini ikipanda resi yenyewe na kitufe kikagoma, kuinyima hewa ndiyo njia iliyobaki.

Kuna mtego mwingine wa trekta lililolala: klachi huganda. Sahani inashikana na gurudumu la injini, ukikanyaga pedali hakuna kinachoachia. Dalili yake utaisikia ukijaribu kuingiza gia: inasaga na kukataa. Usiilazimishe. Anayelazimisha hufanikiwa mara moja, trekta likaruka mbele, na klachi haimsikilizi tena. Zima kwa kitufe, mwachie fundi. Ukilaza trekta tena siku za mbele, kanyaga pedali na uibane chini kwa ubao, klachi haitashikana.

Breki usizisahau. Za 135 ni drami, ziko nje kwenye ekseli ya nyuma kila upande. Sili ya ekseli ikivuja, oili inaingia kwenye breki ya upande mmoja. Ukikanyaga, upande mkavu unashika, ulioloa unateleza, na trekta linageuka ghafla. Tazama ndani ya magurudumu ya nyuma. Ukiona unyevu mweusi unaoshuka kwenye rimu, breki hiyo haipo, hata kama pedali ni ngumu.

Haya, panda kitini, injini imezimwa. Mguu wa kushoto ni klachi. Mguu wa kulia una pedali mbili pamoja: breki ya gurudumu la kushoto na ya kulia, kila moja kivyake. Ni za kukatia kona kali shambani. Kuna kikufuli kidogo cha kuziunganisha. Wewe zifunge pamoja na zibaki hivyo msimu wote wa kwanza. Barabarani zisipounganishwa, ukikanyaga moja kwa kasi, trekta linapinduka. Karibu na kisigino cha kulia kuna kipedali cha kufunga magurudumu ya nyuma yazunguke pamoja kwenye utelezi. Ukiwa umekikanyaga, usukani hauitikii vizuri, kwa hiyo usikiguse ukiwa unakata kona. Mafuta yapo kwa mkono, kijiti karibu na usukani, na kinabaki pale ulipokiacha. Hili ndilo litakalokusumbua zaidi wewe wa otomatiki: ukiinua miguu yote, gari lako linapungua mwendo, trekta haliachi kwenda.

Gia ndefu kwa kawaida ina tatu za mbele na rivasi. Ile fupi inachagua polepole, frii au haraka. Trekta haliendeshwi kama gari kwa kupanda gia njiani. Unachagua gia ukiwa umesimama, unaondoka nayo, unafanya nayo kazi. Kama ni lenye Multi-Power, yaani mfumo wa kubadilisha mwendo bila kukanyaga klachi, utaona swichi ndogo ya ziada kwenye dashibodi. Hapo kuna siri moja kubwa: ikiwa upande wa polepole, injini haishiki magurudumu kwenye mteremko, trekta linateleza huru kama baiskeli. Teremka ukiwa umeweka upande wa haraka na gia ndogo. Usiliegeshe kwa kutegemea gia, weka handibreki na kabari za mbao.

Klachi ya 135 nyingi ina hatua mbili. Kanyaga nusu, magurudumu yanasimama. Kanyaga mpaka chini, PTO, yaani ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine, nayo inasimama pamoja na pampu ya haidroliki. Vijiti vilivyo kulia kwa kiti ni vya haidroliki, kuinua na kushusha plau. Kwanza jifunze kushusha chini kila unaposimama. Usiingie chini ya plau iliyoinuliwa, hata kufunga nati moja, maana haidroliki ya zamani hushuka bila taarifa.

Masomo yenyewe yaanze kiangazi, kabla ya Oktoba, kwenye uwanja mkavu, bila plau wala tela, pamoja na dereva wa trekta aliyezoea, kwa malipo ya siku mbili tatu. Afadhali ukodi mwalimu mara moja kuliko dereva kila msimu. Siku ya kwanza usitafute mwendo. Washa, tazama geji ya oili: ikikawia zaidi ya sekunde 10 kupanda, zima. Ingiza gia ya kwanza ya polepole, mafuta kidogo, achia klachi, tembea hatua 10, kanyaga klachi na breki, frii, handibreki, zima kwa kitufe. Rudia mara 20. Unataka mguu ukanyage klachi kabla kichwa hakijafikiri, kwa sababu likitokea la kutokea ndiyo muda utakaokuwa nao. Ukishuka, shukia kushoto, uso ukitazama trekta, injini ikiwa imezimwa. Kuruka likiwa linatembea ni kujirusha mbele ya gurudumu.

Sasa visiki, na hapa tutakaa kidogo.

Injini inazungusha ekseli ya nyuma. Kwa kawaida magurudumu ndiyo yanayoona urahisi wa kuzunguka, trekta likaenda mbele. Lakini kama magurudumu yameshikwa, kwa mzigo usiosogea au kwa tope, injini haijui tofauti. Ikishindwa kuzungusha gurudumu, inazungusha mwili wa trekta kulizunguka gurudumu: pua inanyanyuka, kiti kinarudi nyuma, na usukani unakufuata kifuani. Kutoka pua kuinuka mpaka kufikia pasiporudishika ni kama robo tatu ya sekunde. Hakuna binadamu anayewahi kukanyaga klachi kwa muda huo akiwa anatazama kisiki nyuma. Mnyororo ukifungwa juu, kwenye toplinki (ule mkono wa juu unaoshika plau) au kwenye ekseli yenyewe, mambo yanaharakishwa, kwa sababu kisiki sasa kinalivuta trekta kwa nyuma na juu. Kitu pekee cha kuvutia ni kile chuma cha chini cha kufungia tela, kilicho chini ya ekseli. Hata hapo, kwa kisiki kilichoshika ardhi, trekta la nguvu farasi 45 hivi halishindi. Mnyororo ukikatika, kipande kinarudi kwa dereva kama risasi.

Tena mnazi hauna mzizi mmoja wa kukata. Una mizizi mingi mno membamba kama kamba, imeenea pande zote, ndiyo maana kisiki chake kinakaa kama kimejengewa. Chimba kuzunguka futi mbili, kata mizizi kwa shoka na sururu, pindua kisiki, kisha ukikokote kikiwa tayari kimeachia. Au mlipe mwenye ekskaveta: visiki 20 ni kazi ndogo kwake. Usiviache vikioza shambani wala kulaza magogo, maana humo ndimo anamozaliana yule mdudu mwenye pembe anayetoboa vilele vya minazi, na majirani zako watakulaani. Pasua, kausha, choma.

Mantiki ile ile inahusu kunasa kwenye tope. Usifunge gogo mbele ya magurudumu ya nyuma ili lipande. Unalikataza gurudumu kuzunguka na unalilazimisha trekta lipinduke. Toka kwa rivasi, chimba, au vutwa na jingine kwa mbele. Mtaroni kaa mbali na ukingo angalau sawa na kina cha mtaro wenyewe: mtaro wa mita moja na nusu, usikaribie zaidi ya mita moja na nusu.

Uingereza ilianza kulazimisha matrekta mapya yawe na kinga ya kupinduka mwaka 1970. Lako linaweza kuwa la kabla ya hapo, kwani 135 zilianza kutoka 1964, na mengi yaliyokuja huku hayakuwa nayo kamwe. Paa la jua lililochomelewa kwa mabomba ya maji haliwi kinga, linajikunja. Weka fremu iliyotengenezwa kwa ajili hiyo na iliyofungwa kwenye nyumba ya ekseli, halafu mkanda wa kiti. Bila fremu, usifunge mkanda.

Plau ya sahani mbili inalitosha trekta hili, na kwa shamba lenye mizizi sahani ni bora, inapanda juu ya mzizi badala ya kuuganda. Lima gia ndogo ya polepole. Kama utafunga mashine ya PTO baadaye, shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, sawa na mara 9 kila sekunde, na injini iko karibu na mizunguko 1,700. Kanga, mtandio, koti lililo wazi, vyote vinaviringishwa kabla hujapiga kelele. Vaa suruali iliyobana na viatu vya kufunika, kifuniko cha shafti kiwepo, na usiiruke ikizunguka.

Kuhusu barabara ya Kimbiji: leseni yako ya gari dogo isiwe kisingizio, nenda ukaongezewe daraja la trekta, uhamishe umiliki TRA kwa karatasi za mirathi, na ukate bima. Tela la zamani mara nyingi halina breki yoyote, kwa hiyo linakusukuma. Usilijaze tofali siku za mwanzo.

Na kijana. Madigadini hapana, mguu wa mtoto uko vidole viwili kutoka kwenye gurudumu linalozunguka, na bonde dogo tu linatosha kumwangusha. 135 ina kiti kimoja kwa sababu ni la mtu mmoja. Mpe filimbi. Asimame hatua 30 mbele ubavuni, mahali unapomwona wakati wote, na mkubaliane: akipuliza, unakanyaga klachi na breki papo hapo, ndipo unauliza kuna nini. Ukipoteza kumwona, simama umtafute kwanza.